Tarehe ya Pili

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, cha kupuuzwa. Tindo iliteleza juu ya marumaru siku ya Jumatatu, ikamkata Fundi kwenye kidole gumba cha kushoto, naye akakifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Jumatano, binti yake alipomfungua ili ambadilishie kitambaa, damu ilikuwa bado mbichi. Haikuwa inatiririka. Ilikuwa imesimama kwenye mdomo wa kidonda, nyekundu, inang'aa, kama tone linalojiuliza lidondoke au libaki. Binti aliipangusa. Ikarudi palepale, kiasi kilekile.

"Kinauma?" aliuliza.

"Kama dakika ile niliyojikata," alisema baba yake. "Hakizidi, hakipungui."

Wiki tatu baadaye kilikuwa vilevile.

Fundi alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango mpana wa bati uliotazama barabara, na mlango mwembamba wa mbao ulioingia jikoni. Kwa miaka ishirini na sita jirani zake walikuwa wameishi na mlio wa tindo yake, ti, ti, ti, mpaka wakawa hawausikii tena. Walichosikia ni ukimya wake, wakajua saa ya chakula imefika.

Kiingereza hakukijua. Lakini wateja wake wengi walikitaka kwenye jiwe. Walisema kinaleta heshima. "Mtu kaishi miaka themanini hajawahi kumwambia mtu gudmoning," Fundi alikuwa akisema, "akifa tu, anaandikiwa beti nzima." Aliyemwandikia beti hizo alikuwa mke wake, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi iliyo mwisho wa barabara. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe ndiye aliyeanza. Saa tisa alasiri, madarasa yakiisha, alikuja moja kwa moja karakanani na chaki yake vidoleni, akaketi kwenye benchi la mbao, akaandika maneno ya mteja kwenye daftari kwa herufi kubwa. Fundi alizinakili herufi hizo jiweni kama mtu anayechora majani. Ila hakukubali kuanza kabla hajaambiwa anachonga nini. Alisema hataki kumtukana mtu ambaye hawezi kuinuka kujitetea.

Hapo ndipo darasa lilipoanzia.

"Sisi tuna milele, tumemaliza," Mwalimu alimwambia siku moja. "Wenzetu wana maneno kibao. Kama mtu anayefunga mlango mmoja kwa kufuli sita kwa sababu haamini hata moja."

Akamhesabia kwa vidole. FOREVER ni la wapenzi: kuanzia leo kwenda mbele, bila kutazama mbele kuna nini. EVERLASTING ni la wahubiri, linadumu na kudumu. ETERNAL halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo asimwandikie binadamu, maana binadamu ana cheti cha kuzaliwa. PERMANENT ni la ajira na la wino usiofutika, likae hukohuko ofisini. IMMORTAL ni la asiyekufa kabisa, na kulichonga juu ya kaburi ni kumdhihaki aliye chini yake. Lililobaki ndilo alilolipenda: ALWAYS.

Kuna mzee mmoja aliyefiwa na mke wake, aliyetaka FOREVER kwenye jiwe, na Mwalimu alibishana naye nusu saa nzima. "Baba, sikiliza," alimwambia. "Always ni siku zote, kila mara. Neno hilo linaweza kufika mwisho na bado likawa kweli. Ukisema siku zote alikufungulia mlango ulipotoka kazini, si uongo, ingawa leo hayupo wa kufungua. Forever huwezi kulisema hivyo. Forever likikatika tu, limekuwa uongo." Yule mzee alifuta macho, akasema basi aandikiwe hilo la kweli.

Figo ndizo zilizomwondoa Mwalimu. Aliingia hospitali Jumanne, na siku ya kumi na moja walimzika. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani kwa wazazi kusubiri kujifungua, maana mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na hakutaka kumwacha peke yake. Siku ya mazishi mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Juma lililofuata, lilelile la kidonda, Fundi alichagua marumaru nyeupe, safi kuliko zote alizokuwa nazo. Akachonga jina la mke wake. Akachonga tarehe ya kuzaliwa. Akachonga kistari kifupi, kile kinachokaa kati ya tarehe mbili. Kisha mkono ukakataa. Aliliegemeza jiwe ukutani, akalifunika kwa gunia, na kila binti yake alipouliza litakamilika lini, alisema hivi karibuni, wiki ijayo.

Basi wiki zikaenda. Binti alitimiza miezi tisa, akapitiliza. Mkunga wa kliniki alimpima tumbo kwa utepe akapata sentimita thelathini na tatu. Wiki iliyofuata, thelathini na tatu. Iliyofuata tena, thelathini na tatu. Moyo wa mtoto ulipiga vizuri. Mtoto alicheza pia, lakini binti aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu: mtoto alicheza mchezo mmoja. Teke upande wa kulia, kimya, kiwiko chini ya mbavu, kimya, kisha kujinyoosha. Teke, kiwiko, kujinyoosha. Kila siku, kwa mpangilio huohuo.

"Labda tulikosea tarehe," mkunga alisema akitazama kadi. "Mwili haudanganyi."

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamesimama kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza. Maziwa yaliyosahauliwa mezani siku nne hayakuganda. Ndevu za baba yake hazikuota. Kipande cha sabuni bafuni kilikuwa na ukubwa uleule, ingawa watu wawili walikiogea kila asubuhi. Na karibu na mlango wa karakana palikuwa na harufu ya chaki iliyoloweshwa, harufu ya ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Kwanza binti aliipenda. Alisimama pale akavuta pumzi na kumkumbuka mama yake. Baadaye akaona kuwa harufu yenyewe haikuwa inapungua.

Alasiri moja walikuwa wameketi jikoni, yeye na baba yake, wanakunywa chai. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Ghafla, nyuma ya mlango wa mbao, ndani ya karakana iliyofungwa, ukasikika mlio.

Ti. Ti. Ti.

Binti alimtazama baba yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, imekizunguka kikombe.

"Baba," alisema polepole. "Nani anachonga?"

Fundi hakushtuka. Alitabasamu kidogo, tabasamu ambalo binti hakuwa ameliona tangu mazishi, akainuka, akamimina chai kwenye kikombe cha pili.

"Amefika," alisema. Akaingia na vikombe viwili, akafunga mlango kwa ndani.

Binti alibaki amekaa. Alisikia sauti ya baba yake ikiuliza kitu, kisha sauti ya mwanamke ikijibu, sauti ya chini iliyozoea kutamka neno mara mbili ili mwanafunzi alishike. Aliijua. Ndiyo iliyomfundisha kusema. Alishika meza akainuka, akavua ndala zisipige kelele, akaenda mpaka mlangoni palipokuwa na ufa kati ya mbao, akainama kwa shida tumbo likimtangulia, akaweka jicho, na alichokiona kwanza kilikuwa baba yake ameketi sakafuni amekunja magoti kama mtoto wa darasa la kwanza, na mbele yake, juu ya benchi, mgongo wa mwanamke aliyevaa sweta la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, lile sweta ambalo binti mwenyewe aliuvalisha mwili wa mama yake kwa mikono yake siku ya kumwandaa, na mwanamke huyo alikuwa anapitisha kidole juu ya lile jiwe jeupe taratibu kama anayeandika kwenye vumbi, na kila kidole kiliposogea marumaru ilikatika, ti, ti, ti, bila nyundo wala tindo, na vumbi lililotoka lilishuka nusu ya njia likasimama hewani kama pazia, halikufika chini, na kikombe cha chai pembeni yake kilikuwa kinatoa mvuke uliosimama pia, uliojikunja mara moja na kubaki hivyo, na binti alipotaka kupiga yowe mwanamke yule aligeuza shingo.

Uso ulikuwa wa mama yake. Lakini ulikuwa uso wa picha, ile ya kitambulisho cha kazi waliyoikuza kwa ajili ya mazishi, jicho la kushoto limefumba kidogo kwa mwanga wa kamera, midomo imebanwa. Uso ule ulizungumza bila midomo kuachana.

"Usiondoke, mwanangu," ulisema. "Hakuna anayeondoka."

Binti hakukumbuka alivyofika chumbani kwake. Baba yake alimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani.

"Umemwona," alisema Fundi. Hakuuliza.

"Yule si mama."

"Anajua kila kitu alichokijua mama yako."

"Baba, anatoka kaburini na sweta tulilomzika nalo, na unampelekea chai."

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ya sukari moja," alisema mwisho. "Kama alivyokuwa anapenda."

Juma hilohilo daktari alimlaza binti siku moja ili uchungu uanzishwe kwa dripu. Chupa ilining'inia kutwa nzima. Nesi alibadilisha mrija mara tatu, akabadilisha na mkono, lakini maji hayakushuka hata mstari mmoja. Daktari, mtu mpole aliyechoka, alisema hataki kusubiri zaidi. Ijumaa atampasua.

Binti alirudi nyumbani na karatasi ya upasuaji. Alipofungua kitambaa cha baba yake jioni hiyo, kama alivyozoea, na kuona lile tone limesimama palepale, jekundu, bichi, la wiki nyingi zilizopita, ndipo alipoelewa. Kidonda kilichoingia nyumba hii hakifungi. Alitazama kidole, akatazama tumbo lake. Kesho yake asubuhi alikwenda kumwita Bibi Sindano.

Bibi Sindano alikuwa nesi mstaafu. Kwa miaka thelathini aliwachanja watoto wa mtaa ule, na watu wazima wenye ndevu walikuwa bado wakivuka barabara wanapomwona. Tangu astaafu alishughulikia yale ambayo zahanati haina kadi yake. Alikuja mchana na mkoba wake mtupu, akaingia karakanani kwa mlango wa barabara, akanusa hewa, akaliondoa gunia juu ya jiwe.

Chini ya jina la Mwalimu, chini ya tarehe moja na kistari, palikuwa na maneno yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. FOREVER. EVERLASTING. ETERNAL. PERMANENT. Herufi zilikuwa za Fundi kabisa, na mikia yake yote. La tano lilikuwa limeanza: IMMOR, likaishia hapo.

"Kiingereza nilikiacha darasa la tano, na chenyewe hakikunitafuta," alisema Bibi Sindano. "Lakini nadhani naelewa kinachosemwa. Umeyaandika wewe?"

"Nilidhani mimi," alisema Fundi. "La kwanza nililikuta asubuhi. Nikasema labda majonzi, nimechonga nikasahau. Nilifurahi, Bibi. Niliona kama ameniandikia."

"Siku ya mazishi ulisema nini pale kaburini?"

Fundi alitazama mikono yake. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na baba yake hakutaka asikie, lakini alisema.

"Watu walipoondoka nilibaki. Nikamwambia asiende. Nikaona Kiswahili hakifiki. Nikayasema yale maneno yake ya daftari, yote niliyoyakumbuka, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu funguo. Nikasema chochote kilicho changu kisiondoke tena."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako masikio yalikuwa yameshafungwa," alisema Bibi Sindano kwa upole. "Aliyekuwepo ni mwingine. Wako wasiokufa, mwanangu, na hawana wa kubaki naye. Wanazunguka makaburini kwa sababu ndipo watu wanapoomba kubaki. Umemwita kwa maneno yote anayoyajua, naye akaja kukutimizia. Hana hata ubaya. Ndiyo shida yake. Amekupa kilekile ulichoomba, na mjukuu wako ni chako pia."

"Mfukuze basi," alisema binti.

"Mimi sikumwita, siwezi kumfukuza. Baba yako ndiye aliyeacha mlango wazi." Aliweka kidole kwenye kistari, mahali palipokuwa tupu. "Amalizie hapa. Tarehe ya pili. Kwa mkono wake, huyo mgeni akiwa anatazama. Na kabla hajamaliza lile neno la tano, maana likitimia hapa hatazaliwa mtu wala kufa mtu."

Fundi alitikisa kichwa. "Nikiiandika, ameondoka."

"Ameshaondoka, mwanangu."

Binti alitembea mpaka mbele ya baba yake, akashika mkono wake wenye kidonda, akauweka juu ya tumbo.

"Kesho kutwa wananipasua," alisema. "Tazama kidole chako, halafu niambie mimi nitafungwa na nini."

Chini ya kiganja chake Fundi alisikia: teke, kiwiko, kujinyoosha. Teke, kiwiko, kujinyoosha. Alikaa hivyo mpaka mara ya nne.

"Nitamuuliza kwanza," alisema. "Swali moja. Akilijibu, mniache naye."

Saa tisa ilipofika, Bibi Sindano na binti waliketi jikoni, mlango wa mbao ukiwa wazi. Harufu ya chaki iliyolowa ilitangulia. Kisha benchi likalia kidogo, kama linavyolia mtu akikalia, na alikuwepo, na sweta lake na uso wake wa picha.

Fundi hakukaa sakafuni siku hiyo. Alisimama, nyundo na tindo mkononi.

"Mwalimu," alisema, "kuna mteja anauliza. Always na forever vinatofautiana nini?"

"Havitofautiani," ilisema ile sauti aliyoipenda. "Yote ni kubaki."

Fundi alifumba macho. Wale waliokuwa jikoni waliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo na kugundua kuwa ndio uliokuwa umemsimamisha.

"Mwalimu angenibishia nusu saa," alisema.

Akapiga magoti mbele ya jiwe, akaweka tindo baada ya kistari, akapiga.

Ilikuwa kazi ya saa mbili, na kile kiumbe kilizungumza saa zote mbili. Kilimwita Fundi kwa sauti ya mke wake, ile ya alasiri, ya mzaha. Kikamwita kwa sauti yake ya hospitalini, ya siku ya tisa, kikaomba maji. Fundi alilia bila machozi, maana hata machozi yalikuwa hayamtoki, na aliendelea kupiga, na binti kule jikoni aliziba masikio, kisha akayazibua, kwa sababu aliona si haki baba yake ayasikie peke yake. Alipomaliza siku, akaanza mwezi. Tindo ilikuwa nzito kama inapita kwenye lami. Kidole kiliteleza, kidonda kikagonga jiwe, lakini lile tone halikudondoka.

"Ukimaliza, utaisahau sauti yangu," kilisema. "Wiki mbili, tatu. Utabaki unajua nilisema nini, hutajua nilisemaje."

"Najua," alisema Fundi.

"Na uso. Utahitaji picha ili unikumbuke."

"Najua. Ndivyo inavyokuwa."

Akaanza mwaka. Tarakimu ya kwanza. Ya pili. Kiumbe kikanyamaza. Kilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko wakati wote, na tarakimu ya tatu ikaisha. Fundi alipoweka tindo kwa ajili ya ya nne, kiliuliza kitu, na safari hii sauti haikuwa ya Mwalimu, wala ya mtu yeyote waliyemjua. Ilikuwa nyembamba na ya zamani sana, kama ya mtu anayeita kutoka chumba ambacho nyumba yake ilibomolewa.

"Na mimi? Tarehe yangu utaichonga lini?"

Nyundo ilisimama hewani. Fundi aligeuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

"Sijui," alisema. "Nisamehe. Sijui yako inaandikwaje."

Akapiga mara ya mwisho.

Vumbi lote lililokuwa limesimama hewani kwa wiki hizo liliporomoka kwa mkupuo, likaijaza karakana, na lilipotulia benchi lilikuwa tupu. Kikombe cha chai ya mgeni, kilichobaki mezani tangu siku za nyuma, kilikuwa cha baridi, kimefanya utando juu. Ndevu zilikuwa zimemjaa Fundi usoni, za kijivu, za wiki kumi na moja, kichwani nywele zimerefuka, kucha zimepinda. Damu ilidondoka kutoka kidoleni, tone moja, ikapiga sakafu. Akashikwa na njaa ya miezi miwili na nusu, akaegemea ukuta. Na machozi yakamjia. Yalimjia yote kwa pamoja, ya mazishi na ya kila siku iliyofuata, naye akayaacha.

Kutoka jikoni alisikia maji yakimwagika, na Bibi Sindano akisema kwa sauti yake ya kazini, "Haya, mama, pumua. Taratibu. Pumua."

Mtoto alizaliwa siku hiyohiyo kabla jua halijazama, wa kike, ngozi imekunjamana kama ya aliyekaa kwenye maji kupita kiasi, kucha ndefu. Mkunga alimgeuza huku na huku. "Huyu alichelewa kwa nini?" aliuliza. Binti alikuwa amechoka mno kueleza. "Alizuiwa," alisema, akanyoosha mikono apewe mtoto wake.

Yale maneno Fundi aliyasaga kwa msasa na maji kwa siku nne, mpaka marumaru ikawa nyembamba upande ule. Mahali pake alichonga ALWAYS peke yake. Hakuna aliyemwandikia, mkono wake ulilijua. Na yale aliyoambiwa yakawa kweli. Kufikia mwezi uliofuata sauti ya mke wake ilikuwa imemtoka. Alikuwa akiketi benchini saa tisa, macho ameyafumba, akijaribu kuisikia ikisema neno lolote, hata jina lake tu. Alikumbuka kila alichosema. Sauti yenyewe haikuja. Hakumlaumu mtu. Mjukuu wake alikuwa analia usiku na mchana, na kelele zake zilitosha nyumba nzima.

Mwaka ulipita na kidogo. Mjukuu alikuwa ameanza kutembea, anashika benchi kwa mkono mmoja, alasiri ile mwanamke mmoja kijana alipoingia karakanani. Alitaka jiwe la mume wake. Alikuwa na karatasi yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na maneno ya Kiingereza aliyonakili kutoka kwenye simu.

"Tarehe ya kufariki haipo hapa," alisema Fundi.

"Naomba iachwe wazi," alisema mwanamke. "Sijaweza."

"Alifariki lini, mama?"

"Mwaka jana. Mwezi kama huu."

Fundi aliweka karatasi juu ya meza, akailainisha kwa kiganja. Alimtazama yule mwanamke vizuri. Hakuwa na dalili ya kukonda, wala kunenepa, wala kulala vibaya.

"Nyumbani unaishi na nani?" aliuliza.

"Na mtoto wetu tu. Wa kiume." Alimtazama yule msichana mdogo aliyeshika benchi, akatabasamu. "Wangu bado anatambaa."

"Ana umri gani?"

"Miezi minane," alisema haraka, kama mtu aliyezoea kuulizwa. Tabasamu lilibaki usoni, lakini macho yalianza kuhesabu, polepole, na vidole vyake vikashika ukingo wa meza.

"Alikuwa na miezi minane," alisema kwa sauti ya chini, "siku tuliyomzika baba yake."

Fundi alivua aproni yake, akaikung'uta, akaitundika. Akachukua nyundo na tindo, akavitia mfukoni.

"Twende kwako, mama," alisema.